Oili Haikai Mbele ya Ekseli

Watu hunisifu kuwa mimi ni fundi mzuri. Wananisifu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ninapofufua injini ya kinu cha mahindi iliyogoma wiki nzima, na walinisifu kule mjini Biwi nilipokuwa na kibanda changu, kabla ya amri ya kuturudisha wakimbizi wote kambini. Nikisifiwa nanyamaza, na wengine wanadhani ni unyenyekevu. Si unyenyekevu. Mimi ni mtu wa kiburi na hasira za karibu, mke wangu atakuambia. Nanyamaza kwa sababu kazi iliyo sahihi kuliko zote nilizofanya kwa mikono hii ilimrudisha kitandani mtu niliyempenda kama baba, na mpaka leo hajainuka.

Mtu huyo ni patroni wangu. Kwetu Bukavu patroni si lazima awe tajiri. Ni yule aliyekufundisha kazi, aliyekugonga vidole kwa spana ulipofunga bolti kombo, na mchana mkala sahani moja. Nilikaa kwake miaka saba katika gereji iliyokuwa chini kabisa mwa mji, mahali malori yaliposimama kukaguliwa kabla ya kuteremka mlima wa Ngomo kwenda Uvira. Vita ikatutawanya. Miaka mingi baadaye nilimkuta hapa Dzaleka kwenye foleni ya unga, amekonda, mke wake amemshika mkono kama mtu anayevushwa barabara. Nililia mbele za watu bila aibu. Yeye akanitazama kuanzia juu hadi chini, akauliza, "Na kele zangu ulizitupa wapi?" Kele ni spana. Nilikuwa nimezikimbia zote, pamoja na nguo.

Tukawa majirani. Alikuwa shemasi kanisani, na akitoka ibadani alipita kwangu kunikosoa kazi. Halafu, misimu miwili ya mvua iliyopita, mke wake alifariki. Hakuugua muda mrefu. Baada ya mazishi patroni aliingia ndani na ni kama hakutoka tena. Kanisani hakwenda. Mke wangu alipompelekea nsima, ugali wa huku, alikula matonge mawili matatu kwa adabu, sahani ikarudi imejaa. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, pekupeku, mikono juu ya magoti. Ilikuwa misafi. Nilimfahamu mtu huyu tangu nikiwa kijana, na sikuwahi kuona kucha zake zikiwa nyeupe. Niliogopa kuliko ningemkuta anatapika damu.

Kwa hiyo nilipoletewa kazi ya gari la mashindano, sikuwaza gari. Nilimuwaza yeye.

Aliyeileta alikuwa mzee wa Kimalawi niliyemfahamu tangu Biwi, msimamizi mstaafu wa ghala moja kule Kanengo. Ni mtu mrefu, mwenye heshima nyingi hadi zinachosha, anayesema zikomo, yaani asante au samahani, hata akikanyagwa. Ujanani alinunua gari dogo la mashindano kutoka kwa mkulima mmoja aliyekuwa anahama nchi, akashindana nalo miaka michache, kisha akalifunika kwa magunia ghalani na kuendelea na maisha. Sasa amestaafu, hana la kufanya, akalifunua. Kulikuwa na siku ya magari ya zamani inakuja, na yeye alitaka kuzunguka tena hata mara kumi tu. Tatizo lilikuwa oili. Injini ikikimbizwa dakika chache, oili inachemka na kuwa nyepesi kama maji ya chai, na vyuma vyote vya ndani vinaanza kulia. Mpwa wake alimletea kutoka Afrika Kusini rejeta ndogo ya oili. Ni kitu cha ukubwa wa Biblia ya mimbarini, chenye mapezi membamba ya alumini. Oili inaingia moto kwa tundu moja, inapita kwenye mapezi, upepo unaipuliza, inatoka kwa tundu la pili imepoa. Kazi yenyewe ilikuwa swali moja tu: tuifunge wapi?

Nilimwambia sitaigusa bila patroni wangu. Akauliza kama huyo patroni ni fundi mzuri. Nikamwambia kila ninachojua ni makombo yake.

Siku hiyohiyo nikaenda chumbani kwa patroni, nikasimama mlangoni.

"Patron, kuko kazi."

"Mi sifanyake tena kazi. Unajua."

"Njo nilimuambia vile. Nilimuambia muzee wangu amechoka, gari ya course ya zamani haiwezi tena."

Nje watu walikuwa wanagombania zamu ya bomba la maji. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Ya mwaka gani?"

Nikajua nimempata. Nilipomweleza kuhusu rejeta ya oili uso wake ulibadilika kidogo, na hilo nililiona, na nikajifanya sijaliona. Alishuka kitandani akaanza kutafuta viatu.

Mzee wa Kimalawi alituahidi jambo moja. Gari likienda vizuri, rafiki zake wawili wana magari mengine ya namna hiyo, na yeye ataiandikia ofisi ya kambi barua kuomba turuhusiwe kufanya kazi kwake kila wiki, sote wawili. Nilizihesabu wiki hizo kichwani kama mwendawazimu. Kila Jumatatu patroni atavaa viatu. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka duniani mwezi ule.

Ofisi ilitupa karatasi za ruhusa, yake ya siku mbili na yangu ya siku nne, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandikwa kama fundi. Tulikwenda Kanengo kwa pikapu ya mwenye gari, asubuhi ya baridi, vumbi jekundu na upepo ule wa Juni unaoingia hadi kwenye meno. Ghala lilinuka tumbaku ya zamani. Gari lilikuwa katikati, dogo, karibu kugusa ardhi, pua ndefu, mwili wa alumini uliopigwa nyundo kwa mkono. Patroni alilizunguka mara tatu. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"We!" akafoka ghafla. "Unasimama kama mutu wa kupigwa picha? Leta lampe!"

Nina miaka arobaini na minne. Nilikimbia kuleta taa, na kama ningekuwa na mkia ningeutikisa.

Mwenye gari alikuwa ameshaamua rejeta itakaa mbele, puani, mahali upepo unapoingia. Kulikuwa na nafasi upande wa kushoto wa rejeta ya maji, na hata matundu mawili ya zamani, ishara kwamba aliyelitengeneza gari alishawahi kuwaza hivyo. Patroni alipiga magoti, akachungulia puani kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akajipangusa, akasema neno nililokuwa naliogopa tangu nilipomfuata chumbani.

"Mafuta haikalaka mbele ya essieu. Tutatia ku nyuma."

Yaani oili haikai mbele ya ekseli. Alitaka tuifunge mkiani, chini ya sakafu, nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, na kuitengenezea mdomo wa bati wa kuvuta upepo.

Hapa lazima niseme wazi: nilijua si sahihi. Nilijua siku ileile, saa ileile, sijifichi. Oili ingesafiri urefu wa gari zima kwenda na kurudi, katika mipira mirefu, na pampu ile ya kizee ingechoka. Bomba la moshi lilipita palepale mkiani. Na upepo wa chini ya gari fupi namna hiyo si upepo, ni joto na vumbi vinavyozunguka bila pa kutokea. Rejeta haihitaji upepo wa kuingia tu, inahitaji na njia ya upepo kutoka. Mbele kulikuwa na vyote: hewa safi, mipira mifupi, na ukiiweka pembeni haiipashi moto rejeta ya maji iliyo kando yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona.

Sikusema. Kwetu fundi hamsahihishi patroni wake mbele ya mteja, hata kama patroni anafunga gurudumu kwenye usukani. Unangoja mbaki wawili. Lakini tulipobaki wawili pia sikusema, kwa sababu nilijua sheria ile ilitoka wapi.

Patroni alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, dereva. Mimi na yeye tulikuwa rika moja, tulilala chumba kimoja. Alipopewa lori la kubeba mchele kutoka bonde la Ruzizi, baba yake alitaka lori hilo liyashinde malori yote ya barabara ile. Aliona katika kitabu cha Kifaransa picha ya rejeta ya oili iliyofungwa mbele, chini ya ile ya maji, akaifunga hivyohivyo. Mimi ndiye niliyemshikia taa. Malori mengine hayakuwa na kitu kama hicho, na tulijivuna mwezi mzima. Siku moja, lori likiwa linapanda Ngomo na mzigo, jiwe lililorushwa na gari la mbele likatoboa rejeta. Oili ikamwagika yote, injini ikakwama katika kona. Malori mawili yaliyokuwa nyuma yalimpita, yakafika Bukavu salama. Yeye alibaki, kwa sababu dereva haliachi gari la watu. Wenye bunduki wakatokea kichakani. Tuliletewa kesho yake asubuhi, amefunikwa kwa turubai la lori lake mwenyewe.

Baada ya msiba patroni alirudi gereji akatangaza sheria. Hakueleza, na hakuna aliyeuliza. Gari lolote lililoingia likiwa na kitu cha oili mbele ya ekseli, alikihamisha, mwenye gari apende asipende. Wateja walidhani ni ujuzi wa siri. Wengine walikuja makusudi kwa ajili hiyo. Mimi nilijua ni nini, na mke wake alijua, na sasa mke wake alikuwa kaburini.

Kwa hiyo ungekuwa wewe ungesema nini pale Kanengo? Patroni hakujua Kichewa zaidi ya zikomo, na mwenye gari hakujua Kiswahili, kwa hiyo maneno yote yalipita kinywani mwangu. Mwenye gari aliuliza kwa upole kwa nini nyuma.

"Muambie mbele ni ya majiwe," patroni akasema.

Nikamwambia mwenye gari kwamba katika mashindano pua ndiyo hugongwa kwanza, na oili ikikaa nyuma iko salama, tena inasaidia kusawazisha uzito wa gari. Nilitunga palepale, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mzee aliinua nyusi. Kisha akasema zikomo, tuendelee.

Siku mbili zile sitazisahau. Patroni alifanya kazi kama aliyekuwa akikopa nguvu mahali. Alikata bati, akalikunja, akalipiga msasa mpaka ukipitisha kidole hausikii ukingo. Chini ya kila kishikio aliweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ili mtikisiko usiipasue alumini. Nilipotaka kuifunga rejeta matundu yakiwa chini, kwa sababu ilikuwa rahisi, alinipiga begani.

"Tundu itazame juu! Hewa itatokea wapi? Ikibakia mule ndani itakaa kama mugeni asiyejua kuaga."

Nilicheka mpaka machozi. Yeye pia alicheka, kicheko kidogo cha puani. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona akifanya, na ilikuwa mahali pabaya.

Alikuwa na desturi moja tangu Bukavu. Bolti ya mwisho anaifunga yeye, kisha anaweka mkono juu ya gari na kuliombea kabla halijawashwa. Jioni ya siku ya pili aliifunga bolti ile kwa mikono miwili, akatoka chini ya gari, akaweka kiganja juu ya mkia. Akaomba. Aliombea injini, akamwombea mwenye gari na watoto wake, akaniombea mimi. Mwenye gari alivua kofia ingawa haelewi neno. Mimi nilikuwa nimefumba macho lakini sikuwa naomba. Nilikuwa nawaza kwamba hii ndiyo sala ya kwanza kutoka kinywani mwake tangu makaburini.

Akarudishwa kambini na pikapu. Karatasi yake ilikuwa imeisha.

Asubuhi iliyofuata tulilijaribu gari kwenye barabara iliyo nyuma ya maghala. Mzee aliendesha, mimi nikajibana pembeni nikitazama kipimo cha joto. Mara ya kwanza mshale ulipanda polepole. Mara ya pili ukapita katikati. Mara ya tatu ukaingia kwenye rangi nyekundu na sikio langu likasikia injini ikianza kulia kule chini. Nikamwambia azime. Tulikaa ndani ya gari, joto likitupanda miguuni. Mzee hakulalamika. Afadhali angelalamika. Alisema tu kwamba basi, labda mwaka huu atakwenda kutazama magari ya wenzake.

Nilimchukia kwa upole wake. Nilimchukia na patroni kidogo, lazima niseme ukweli, na nilijichukia mimi zaidi. Kama gari lingebaki ghalani, hakuna barua, hakuna Jumatatu, na patroni angetaka kujua kwa nini. Kama ningempigia simu kumwambia imechemka, angejua amekosea tena kwa jambo lilelile, rejeta ya oili, safari hii kwa kuiweka nyuma. Nilizunguka ghala lile nikiongea peke yangu hadi mlinzi akaja kuuliza kama niko sawa.

Nikalala chini ya gari, nikaifungua bolti aliyoifunga. Ilikuwa imekazwa sawasawa, kama alivyonifundisha. Niliifungua nikiwa nimekunja uso kama mtu anayeiba sadaka.

Nikaihamishia rejeta mbele, puani, kushoto. Nilitumia mipira yake ya tyubu. Matundu nikayatazamisha juu. Nikaweka wavu wa waya mbele yake, na juu ya wavu ule wavu wa pili, ingawa barabara ya mashindano ni lami tupu na hakuna hata kokoto. Nikakunja bati pembeni ili upepo wote uingiao puani upite kwenye mapezi usitoroke. Na mdomo wa bati aliokuwa ameutengeneza kule mkiani niliuacha palepale, mtupu, haufanyi kazi yoyote, ili mtu akitazama kwa nyuma adhani hakuna kilichobadilika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kuhamisha ni kazi. Kuacha bati lile ni uongo.

Tulijaribu tena. Mzee alikwenda mara nane, mshale ukasimama chini ya katikati, ukakataa kutoka. Alishuka akicheka, akanishika mikono yote miwili. Nikamwomba jambo moja: akikutana na mwenzangu asitaje mbele wala nyuma. Akasema sawa, sawa, zikomo. Furaha imemjaa, sidhani kama alinisikia.

Kesho yake, Jumamosi, siku ya mashindano, gari lilizunguka pamoja na mengine, na halikuchemka. Mimi nilisimama kwenye ukuta nikitazama pua yake kila ilipopita. Watu walipiga makofi. Nilitaka tu kurudi nyumbani.

Nilipofika Dzaleka patroni alikuwa nje ya mlango wake, amesimama, amenyoa ndevu.

"Ilipoa?"

"Ilipoa, patron."

Sikudanganya neno hata moja. Alitikisa kichwa, akatikisa tena. Kesho yake, Jumapili, alikwenda kanisani. Jumatatu nilimkuta ameipindua chini juu baiskeli ya jirani ya kabaza, ya kubebea abiria, anamtukana aliyeitengeneza mara ya mwisho, ambaye ni mimi. Alianza kula. Mke wangu akasema muzee amefufuka, na akanitazama akingoja nifurahi. Nilifurahi. Wiki tatu zile nilikuwa na furaha ya mtu aliyekaa juu ya kiti kilichovunjika mguu, hathubutu kupumua.

Kisha mzee wa Kimalawi akaja mwenyewe, kwa pikapu, amevaa suti. Aliileta barua. Ofisi imekubali, kila wiki siku tatu, majina mawili. Patroni alitoa kiti chake cha pekee, akamkalisha mgeni, akasimama. Nami nikasimama katikati kutafsiri. Mgeni akasema alitaka kumshukuru fundi mkubwa uso kwa uso, na amemletea zawadi. Akatoa kwenye bahasha picha kubwa iliyosafishwa. Ilikuwa gari, siku ile ya mashindano, pua imefunguliwa wazi, na yeye mwenyewe amesimama kando akinyooshea kidole, anatabasamu. Anainyooshea rejeta.

Maneno ningeweza kuyapindisha. Picha sikuweza.

Patroni aliishika kwa mikono miwili. Aliitazama muda ambao mgeni aliweza kumaliza hotuba yake yote, nami sikutafsiri hata sentensi moja. Kisha akasema "zikomo", neno lile moja alilolijua, akamsindikiza mgeni hadi kwenye pikapu, akampungia mkono. Alikuwa mtu wa adabu siku zote. Tukarudi ndani. Akakaa kitandani.

"Njo uliitosha." Kwetu kutosha ni kutoa.

"Ndiyo, patron."

"Nilikuwa nimeisha kuiombea."

"Ndiyo."

"Ku nyuma, moto ilipanda?"

"Ilipanda mupaka ku mwisho. Mara ya tatu tu."

"Na mbele?"

"Mbele ilipoa. Siku yote."

Aliitazama picha tena. Hakuwa na hasira. Laiti angenirushia kitu. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona hapo ndipo pa kusema kile nilichokuwa nimekibeba zaidi ya miaka ishirini. Niliamini ni dawa. Niliamini kabisa, ndiyo maana nilipiga magoti mbele yake.

"Patron, mbele haikukuwa kosa. Hata wakati ule. Mi njo nilishika lampe, niliona. Ulifunga muzuri. Kila mutu mwenye akili angeitia pale. Ilikuwa jiwe tu, patron. Jiwe tu."

Nilisikia jirani akipepeta mahindi upande wa pili wa ukuta.

"Jiwe," akasema.

"Ndiyo, patron."

"Mi nilikuwa na mutu wa kulaumu. Njo mimi. Nilikuwa namujua, nalala naye, naamuka naye. Sasa we unanipa jiwe. Jiwe nitaifanya nini?" Aliiweka picha kando yake, taratibu, uso chini. "Mama ya mutoto alinisamehe. Alinishika mukono mbele ya kufa, akasema amenisamehe. Alinisamehe nini, sasa?"

Nilibaki nimepiga magoti. Mwishowe aliniambia nirudi nyumbani, watoto wananingoja.

Jumatatu nilipita kumchukua twende Kanengo. Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa shati safi, amevaa na viatu, na kamba za viatu ameshazifunga. Nilisimama mlangoni nikangoja. Alitazama viatu vyake, akanitazama mimi.

"Tangulia," akasema.

Nimekuwa nikitangulia kila Jumatatu tangu siku hiyo.